Mjusi wa ndevu (biadi) kagoma kabisa mboga, anataka funza tu. Nifanyeje?

mama_wa_babu

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Najua kuna watakaocheka ila mwenzenu nina shida ya kweli.

Mimi nimekulia Tanga, kwetu mjusi ni wa kufukuzwa na ufagio, sikuwahi kuwaza kama ntakuja kukaa naye sebuleni namnunulia na chakula. Ila tuko Columbus Ohio huku, mtoto wangu wa miaka 11 kapigania mnyama mwaka mzima, mbwa baba yake hataki kumsikia, paka mimi kifua kinabana, basi tukaishia kwa hawa mijusi wa Australia wenye miba shingoni, biadi dragoni, akikasirika anavimbisha ndevu zinakuwa nyeusi kama mkaa. Mtoto kampa jina Babu kwa ajili ya hizo ndevu.

Babu ana kama miezi 5, toka pua hadi mkia inchi 13. Dukani tulipomnunua tulipewa kopo la wale funza wakubwa wa njano, supawomu, na mfuko wa chakula kikavu cha vidonge, kijana wa pale akasema hapo mmemaliza. Vidonge havigusi. Funza anakula 15 mpaka 20 kwa siku, akiona kopo tu anakuja mbio anagonga kioo cha kasha lake. Nikasoma soma kidogo nikaona wanatakiwa kula na mboga, nikamwekea letusi, nikamwekea spinachi, nikaenda hadi duka la Waafrika nikamletea mchicha mzuri kabisa, anauangalia, anafumba macho, anageuza uso kama mwali. Wiki ya tatu hii. Nikimnyima funza ili ale mboga naona huruma na mtoto analia.

Joto na mwanga anapata, taa yake ipo ile iliyokuja na kioo na tumemweka dirishani kabisa jua linamwingia mchana kutwa. Afya naona iko sawa, ila siku hizi vidole vya nyuma vinachezacheza kidogo akishikwa, nahisi ni woga. Naombeni mnipe mboga gani, kiasi gani, na huo unga unga wanaosema wa kuwapaka wadudu ni lazima au ni biashara za watu?

mzaramo_leicester

Dada pole sana, na wala hujakosea peke yako. Niko Leicester, hawa viumbe huu mwaka wa 7 nafuga, na wa kwanza nilimuua kwa mkono wangu mwenyewe, ntasimulia huko chini.

Tuanze na mboga. Yaani bahati mbaya hizo tatu ulizomwekea ndo zenyewe hazifai. Letusi ile ya mviringo ni maji tu yamevaa kijani, tumbo linajaa hapati kitu. Spinachi na mchicha zina oksaleti nyingi, hiyo kitu inaing'ang'ania kalsiamu humo tumboni inatoka nayo chooni. Kwako wewe unayekula na dagaa na maharage haina neno, ila mjusi kalsiamu ndo vita yake ya kila siku. Dawa yako iko hapohapo Ohio tena bei chee: SUKUMA WIKI. Yale majani mapana wanayofunga mafungu makubwa, Wamarekani weusi wanayachemsha na nyama saa nzima, ndo sukuma hiyohiyo, na kwa biadi hiyo ni ugali, mlo wa kila siku. Ina kalsiamu nyingi fosforasi kidogo, na hiyo ndo hesabu ya kukaa nayo kichwani, kalsiamu iwe angalau mara mbili ya fosforasi kwenye mlo mzima.

Sasa usimpe sukuma peke yake mpaka achoke. Changanya na majani ya haradali, majani ya tanipu, dandelioni zile zinazoota bustanini (kama hakuna mtu anapiga dawa!), boga la butternut bichi ulikwangue kwenye kikwangulio cha karoti, hoho nyekundu kidogo. Kale (keli, yale majani ya kujikunja, ndugu wa sukuma) nayo sawa ila kwa kubadilishana. Karoti mara mojamoja. Matunda ni kama sikukuu, bluberi mbili au kipande cha embe kwa wiki inatosha. Parachichi marufuku, ni sumu kwao, vitunguu navyo acha.

Namna ya kumlisha ndo penye kazi. Katakata ndogondogo kama unakata sukuma ya kupika, ile nyembamba kabisa. Muwekee asubuhi, taa iwe imeshawaka kama saa moja kashapata moto, na KABLA hajaona mdudu yeyote. Nyunyizia maji kidogo majani yang'ae, anapata na maji ya kunywa humohumo maana wengi hawanywi kwenye bakuli. Wadudu waje baadaye. Halafu kuna ujanja, chukua wale funza wake wawili watatu waweke JUU ya majani kwenye bakuli, wakitambaa majani yanatikisika, akirusha ulimi anazoa funza na jani kwa pamoja. Wangu wa sasa ndo alivyoanza. Wao jicho linafuata kitu kinachotembea, jani limelala tu pale ye anaona takataka. Ila usimshindishe njaa dada, huyo bado mtoto anakua.

Kiasi sasa. Kwa miezi 5 wadudu bado ndo chakula kikuu, tuseme robo tatu wadudu robo mboga, wadudu mara mbili kwa siku, unampa kwa dakika 10 hivi anachoweza kula ukishafika hapo toa wote. Akishapita mwaka mambo yanageuka, mboga ndo inakuwa nyingi kila siku na wadudu mara mbili tatu kwa wiki. Watu wengi wanasahau kugeuza, unakuta mjusi mzima ana tumbo kama mwenyekiti wa mtaa.

Ndo nirudi kwa marehemu wangu. Aligoma mboga kama huyo Babu wako, nikaona anapenda sana wale funza weupe wanene wa nta, nikawa nampa hao tu kwa mwaka na zaidi, nafurahi anavyonenepa. Wale ni mafuta matupu, ni kama umlee mtoto kwa visheti. Daktari wa wanyama aliniambia ini limejaa mafuta. Hakumaliza mwezi. Supawomu nao si mbali sana na hapo, mafuta mengi na gamba gumu kwa mtoto, wape wawili watatu mara mojamoja basi. Chakula cha kila siku iwe nyenje au mende, najua unashtuka, si mende wa chooni, ni wale wa kufugwa wa Amerika ya Kusini wanaitwa dubia, hawaruki hawapandi kioo hawanuki. Ohio mnaruhusiwa, Florida ndo hawaruhusu na Canada pia. Sisi huku Uingereza tunauziwa nzige kwenye vikopo, ile 2020 majirani zetu Kenya wanafukuza nzige kwa kupiga masufuria mimi nanunua nzige kumi na tano kwa paundi tatu, dunia hii.

Mdudu asizidi upana wa kati ya macho yake mawili. Hiyo usiivunje, akila kikubwa anaweza kuziba tumbo.

mtani_wa_kagera

Nzige kumi na tano paundi tatu?? Mkuu niletee senene gunia nikutajirishe 😂😂 ila ukweli mkituletea huyo mjusi Bukoba tutagombania naye sahani

mzaramo_leicester

@mtani_wa_kagera nyie senene mnakaanga na chumvi, mjusi anataka akiwa anarukaruka. Na huyo ni ndugu yenu bwana, ukoo mmoja na yule wa kwenye mawe ya Mwanza kichwa chekundu mwili wa bluu anayepiga push-apu.

pogona_254

Madam mama wa Babu, hawa wengine wameongea vizuri sana juu ya mboga na mi naunga mkono, lakini hapo kwa vidole umenishtua. Hiyo si woga. Mi naishi Dallas nimekuwa na hawa wanyama tangu nikiwa kolej na nimeona hiyo kitu kwa macho yangu. Vidole kutetemeka ni dalili ya kalsiamu kuisha kwa damu, mwili unaanza kuitoa kwa mifupa. Ukiacha iendelee taya inakuwa laini kama mpira, miguu inapinda, mgongo nao, na ikishapinda haiwezi nyooka tena.

Sasa sikiza. Unaweza mpa sukuma yote ya Gikomba na bado asitumie hiyo kalsiamu, kwa sababu bila vitamini D3 tumbo halichukui, na D3 anaitengeneza kwa ngozi akipata mwanga wa UVB, ile miale ya jua haionekani kwa macho. UVB haipiti kwa kioo ya dirisha!! Hilo jua mnaona linamwingia ni mwanga na joto tu. Watu wengi sana wanadanganyika hapo. Na usimweke dirishani kabisa, kioo ndani ya kioo, siku ya jua kali anaweza pikika humo.

Niambie mambo matatu. Taa yenu ni ya aina gani, ni balbu ama ni ile ndefu ya mrija? Mahali anaotea moto pana digrii ngapi? Na hao funza walikuwa wanakula nini kabla ya kuliwa?

mama_wa_babu

Jamani mmenitia tumbo joto. Kaka @pogona_254 nimeenda kuangalia sasa hivi. Taa ni balbu moja ya msokoto kama zile za zamani za kubana umeme, imekaa juu ya wavu, na nyingine ya kawaida ya joto. Kipimajoto ni kile cha kubandika kwenye kioo, kinasoma 86 za Farenhaiti. Funza hawali chochote, wako kwenye friji ndani ya kopo na zile pumba walizokuja nazo 🙈 na unga sijawahi kupaka hata siku moja.

pogona_254

Sawa, sasa tumejua. Pole lakini si ngumu kurekebisha.

Hiyo balbu ya msokoto itoe. Nunua mrija mrefu wa T5 (ile saizi nyembamba) wa UVB, ule wa asilimia 10 ama 12, ufike angalau nusu ya urefu wa kioo, na ubadilishe kila mwaka hata kama bado unawaka, mwanga unaouona wewe unabaki na UVB inaisha kimyakimya. Mahali pa kuota moto pawe 100 hadi 105 za Farenhaiti, hapo hapo kwa jiwe anapolala si kwa ukuta wa kioo, hicho cha kubandika tupa nunua cha kupiga miale. Upande mwingine pabaki kama 80 ndio akishapata moto akimbilie huko. Kwa 86 chakula kinakaa tu tumboni hakisagiki, hata mi ningegoma mboga. Ndio maana pia usimlishe masaa mawili ya mwisho kabla ya kuzima taa.

Supawomu pia ukiweka kwa friji wanakufa, hao si wa baridi. Wadudu wowote walishe masaa 24 kabla ya kumpa, karoti, sukuma, oti. Mdudu mwenye njaa ni ganda tupu, unalisha ganda. Halafu weka kwa kikombe na kijiko kidogo cha unga wa kalsiamu, zungusha wakuwe weupe kama samaki unapaka unga kabla ya kukaanga. Hiyo si biashara ya watu, wadudu karibu wote wana fosforasi nyingi kushinda kalsiamu. Kwa mtoto siku 5 kwa wiki, na multivitamini mara moja ama mbili. Ukimaliza kumlisha usiache nyenje ndani usiku, wanamuuma akilala, hata kope.

Lakini yote tisa. Huyo mpeleke kwa daktari wiki hii, wa wanyama wa kutambaa si wa mbwa tu, piga simu uulize kwanza kama wanaona mijusi. Unga hautibu kitu imeshaanza.

sadiki_k

Mbona mnamtisha dada wa watu, mimi wangu nampa mchicha na spinachi mwaka wa 3 huu na mzima kabisa hana tatizo lolote. Haya mambo ya sijui oksaleti ni maneno ya intaneti tu.

mzaramo_leicester

@sadiki_k mkuu inawezekana kabisa wa kwako ana mrija mzuri na unga unampaka na anakula na vingine, ndo maana anabeba. Mchicha si sumu, akila siku moja hafi. Ila wewe wako ni mzima, huyu wa dada vidole vinatetemeka, kwa nini umwongezee mzigo wakati sukuma ipo?

sadiki_k

Hapo sawa nimekuelewa

nesi_minnesota

Wifi nami niongezee moja maana naona hamna aliyeigusa. Hawa mijusi wanabeba salmonela hata wakiwa wazima kabisa, hawaumwi wao unaumwa wewe. Bakuli lake la chakula usilioshee kwenye sinki la jikoni, tenga beseni lake la bafuni. Mtoto akimshika anawe mikono na sabuni palepale, na asimbusu, najua wanawabusu. Kama una mtoto mwingine chini ya miaka 5 au mtu mzima nyumbani ambaye ni mgonjwa, wasimguse.

Na kingine, mko Ohio na Juni hiyo inaingia. Watoto jioni watakuwa nje wanakimbiza vimulimuli na kuwaweka kwenye chupa. Mwambie mwanao kwa kiapo, KIMULIMULI ASIMPE MJUSI. Mmoja tu unatosha kumuua, ana sumu inayosimamisha moyo. Jirani yangu mtoto alimpa kwa mapenzi tu, alitaka ndevu zing'ae. Asubuhi hakukuwa na mjusi. Na wadudu wa kuokota nje kwa ujumla acheni, huwezi jua nani kapiga dawa kwenye majani yake.

mama_wa_babu

Hilo la vimulimuli limenisisimua mwili mzima, maana dogo mwaka jana alijaza chupa mbili. Nimeshamwita nimemwambia, kaandika kwa kalamu nyekundu kabandika kwenye kioo. Miadi ya daktari nimepata Alhamisi, dk 40 kwa gari, wa karibu wote wanasema mbwa na paka tu. Ntarudi na mrejesho.

mama_wa_babu

MREJESHO. Samahanini nimechelewa, ni wiki ya tatu hii.

Daktari alimpiga picha ya mifupa. Akatuonyesha kwenye skrini, mifupa ya miguu imefifia kama picha iliyopigwa gizani, ilitakiwa ionekane myeupe kabisa. Akasema ndo inaanza, bado haijapinda, tungechelewa miezi miwili ingekuwa habari nyingine. Kampa kalsiamu ya maji tunamdondoshea mdomoni kwa bomba la sindano asubuhi na jioni, na kinyesi kakipima kina minyoo kidogo akatoa dawa. Bili sitaitaja humu, baba yake bado anaitaja.

Mrija tumefunga, moto sasa 102 pale kwenye jiwe. Kaka @pogona_254 siku ya pili tu ya moto mpya huyu mjusi alikuwa mwingine, kumbe muda wote ule tulidhani mpole alikuwa baridi! Nyenje tumenunua, kelele usiku kama tuko shamba Muheza, nikashindwa tukahamia mende wa dubia. Mama yangu nikimpigia vidio simwonyeshi hilo kopo, nimemwambia ni viungo.

Mboga sasa. Siku nne za mwanzo hola. Nikafuata ule ujanja wa funza juu ya majani, akawa anachagua funza anaacha majani kwa ustadi kabisa, kama mtoto anavyotoa kitunguu kwenye pilau. Siku ya tano dogo akachukua jani zima la sukuma akalishika kwenye kikonyo akawa analitikisatikisa mbele ya pua yake, Babu akakaa akainamisha kichwa, akatazama kwa jicho moja, halafu KRAA kalichana kipande kikubwa akakaa nacho kinaning'inia mdomoni hajui akifanyeje. Tulipiga makofi wote watatu. Sasa hivi sukuma na boga la kukwangua anakula mwenyewe bakulini karibu kila asubuhi, hoho anaipenda nyekundu tu, ya kijani anaitema. Vidole vimetulia wiki hii yote. Tunarudi kwa picha nyingine mwezi ujao.

mzaramo_leicester

Alhamdulillah. Ya kijani hata wangu hataki, rangi nyekundu na njano zinawavuta. Akikufikisha kwenye majira ya baridi ukaona analala sana na kula kidogo usipanike mara moja, wakubwa wengine hupunguza kabisa, ila mpime uzito kwa mizani ya jikoni kila wiki uandike, uzito ukishuka hapo ndo umpeleke.

pogona_254

Safi sana madam. Mizani ya jikoni ikuwe yake lakini, nesi anakuangalia 😄

nesi_minnesota

Nimeona 👀

mama_wa_babu

Yake ipo, msijali, ina jina lake. Dogo siku hizi kila kitu anabandika jina. Jana baba yake kafungua friji anatafuta sukuma ya ugali, kakuta fungu zima limebandikwa karatasi YA BABU USIGUSE, akafunga friji taratibu akaja kuniuliza kwa sauti ya chini, mama nani, baba yako kasema anakuja lini?